Kitambi si heshima, ni mzigo juu ya moyo





Ndugu msomaji, katika safu hii tumezoea kukumbushana kuchemsha maji ya ziwa, kufunika chakula, kunawa mikono na kutunza vyoo. Hayo ni mambo ya lazima, hasa kwetu sisi tunaoishi kando ya ziwa na tunaokijua kipindupindu kwa kukiona. Lakini upo ugonjwa mwingine unaoingia majumbani mwetu bila inzi, bila harufu na bila homa. Kwa masikitiko makubwa, tunaukaribisha kwa furaha na kuupa jina zuri. Tunauita neema.

Mama aliyenisubiri nje ya msikiti

Siku moja baada ya Swala ya Ijumaa hapa Iringo, mama mmoja alinisubiri nje ya msikiti. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akanivuta pembeni na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, wewe ni mtu wa hospitali, na chuo umesoma. Niambie ukweli wala usinifiche. Huyu kijana wangu anakunywa pombe?"

Kijana mwenyewe ana miaka 38, anafanya biashara ya dagaa, ana mke na watoto wanne. Alisumbuliwa na maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, akapigwa picha ya altrasaundi, akarudi nyumbani na karatasi inayosema kwamba ini lake limejaa mafuta. Basi nyumba ikawaka moto. Mkewe alikuwa amesikia kwamba maradhi ya ini ni ya walevi, akaanza kumnusa mdomo kila anaporudi usiku kutoka mwaloni. Wakwe wakaitwa. Yule bwana akaapa kwamba hajawahi kuionja, lakini hakuna aliyemuamini.

Nilimjibu mama yule: "Mama, karatasi ile haisemi kwamba mwanao ni mlevi. Inasema jambo jingine, na hilo nalo si dogo. Mlete zahanati."

Nimeona nilizungumze jambo hili hadharani kwa sababu nyumba ile si peke yake. Pombe ni haramu na inaharibu ini, hilo halina mjadala. Hata hivyo, ini hupata mafuta pia kwa mtu ambaye tone la pombe halijawahi kupita kooni mwake. Linapata mafuta kwa sukari nyingi, kwa mafuta mengi ya kupikia, kwa kula kupita kiasi na kwa kukaa bila kuutumia mwili. Mwaka 2023 vyama vya kimataifa vya madaktari wa ini viliubadilisha jina ugonjwa huu, na mojawapo ya sababu ilikuwa kwamba majina ya zamani yaliwaaibisha wagonjwa. Nasi Waislamu tumekatazwa dhana mbaya katika Surat Al-Hujurat. Kumtuhumu ndugu yako ulevi kwa sababu ya picha ya ini ni dhulma.

Mafuta ya aina mbili

Mwili wa binadamu huweka akiba ya mafuta mahali pa aina mbili. Kuna mafuta yaliyo chini ya ngozi, ambayo unaweza kuyafinya kwa vidole mapajani, mikononi na kiunoni. Hayo, yakiwa kwa kiasi, hayana madhara makubwa. Aina ya pili ni mafuta yanayojificha ndani ya tumbo, yakauzunguka utumbo, yakaingia ndani ya ini na kongosho, na mengine yakauvika moyo wenyewe.

Aliyewahi kuchinja mbuzi wa Idd aliyenona ameyaona mafuta haya kwa macho yake. Ukipasua tumbo unakuta utando mweupe umeufunika utumbo, na figo zimezama ndani ya mafuta hadi uzitafute kwa kisu. Hivyo ndivyo lilivyo tumbo la mwenye kitambi kigumu kilichotangulia mbele.

Mafuta haya ya ndani hayakai kimya kama gunia ghalani. Yanafanya kazi mchana na usiku, na kazi yake ni mbaya. Kwanza, yanamwaga mafuta kwenye mshipa unaotoa damu tumboni na kuipeleka moja kwa moja kwenye ini. Ini likizidiwa huanza kuyahifadhi ndani yake na mengine kuyarudisha kwenye damu. Pili, yanaufanya mwili uwe mzito kuisikia insulini, yaani ile homoni ya kongosho inayoingiza sukari ndani ya chembe za mwili. Kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi na zaidi, na siku likichoka, kisukari kinabisha hodi. Tatu, yanatoa kemikali zinazouweka mwili katika hali ya uvimbe wa ndani usioonekana, ambao huchubua kuta za mishipa ya damu na kupandisha presha.

Sasa yaweke pamoja: damu yenye mafuta, sukari iliyopanda, presha iliyopanda na kuta za mishipa zilizochubuka. Kwenye mishipa myembamba inayoulisha moyo, utando mgumu hujengeka kidogo kidogo kwa miaka. Siku moja utando huo unapasuka, damu inaganda juu yake, njia inaziba, na sehemu ya msuli wa moyo inakufa. Hilo ndilo shambulio la moyo. Kwa hiyo usishangae ukisikia kwamba watu wengi wenye mafuta kwenye ini hawafi kwa ini. Kinachowaua zaidi ni maradhi ya moyo na mishipa.

Elimu hii si ngeni. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alizungumzia madhara ya unene uliopindukia katika kitabu chake cha Qanun. Mwaka 1947 daktari wa Kifaransa, Jean Vague, alieleza kwamba mahali mafuta yanapokaa mwilini pana uzito kuliko wingi wake, na kwamba yale ya tumboni ndiyo yanayoambatana na kisukari na maradhi ya mishipa. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti mkubwa wa INTERHEART, ulioongozwa na Dkt. Salim Yusuf na kufanyika katika nchi 52 zikiwemo za Afrika. Ulionyesha kuwa kitambi ni miongoni mwa visababishi vikuu vya shambulio la moyo kwa watu wa kila rangi na kila bara. Aidha, ulionyesha kwamba watu wa Afrika, Mashariki ya Kati na Asia ya Kusini walipata shambulio la kwanza wakiwa na umri mdogo kuliko wale wa Ulaya Magharibi.

Tusijidanganye kuwa ni maradhi ya Wazungu

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Ulaya na ya matajiri wa Dar es Salaam. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulikuta kwamba takriban asilimia 26 ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na presha ya juu, asilimia 9 walikuwa na kisukari, na asilimia 26 walikuwa na uzito uliozidi. Kwa upande wa akina mama, takwimu za afya za taifa zilionyesha kuwa wanawake wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 18 mwaka 2004 hadi 2005, na kufikia mwaka 2015 hadi 2016 walikuwa asilimia 28.

Hali kadhalika, mwaka 2020 ulichapishwa utafiti kutoka Moshi. Watafiti waliwachunguza watu wazima 681 waliofika idara ya dharura wakiwa na maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Kati yao, 152 walikuwa na shambulio la moyo. Na kati ya hao, asilimia 43 walikuwa wamefariki kabla ya siku 30 kupita. Tafakari jambo hili, ndugu msomaji. Ni watu walioingia hospitali wakitembea au wakishikwa mkono, na baada ya mwezi mmoja karibu nusu yao wakawa wameshaswaliwa.

Ni mara ngapi tunasimama makaburini hapa Musoma, tunamzika mtu wa miaka 45 au 50, na tunaambiana kwamba hakuwa akiumwa, alianguka tu? Wengine husema amerogwa. Wengine husema ni kijicho kwa sababu biashara ilikuwa inamwendea vizuri. Qadar ya Allah tunaiamini, na uchawi na husuda vimetajwa katika dini yetu. Lakini kabla ya kumtafuta mchawi, tujiulize: marehemu alipima presha lini mara ya mwisho? Kiuno chake kilikuwa na sentimita ngapi?

Tumefikaje hapa?

Naona sababu tatu. Ya kwanza ni hofu ya wembamba. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, ng'ambo ya pili ya ziwa letu, na kwa miaka mingi kukonda kulimaanisha jambo moja tu. Mtu akipungua, majirani walinong'ona. Wazee wetu wakajifunza kwamba mwili mnene ni cheti cha afya. Hofu hiyo imebaki mioyoni mwetu ingawa dawa zimepatikana na wanaozitumia vizuri wana miili yao kamili. Mpaka leo mgonjwa wangu akipunguza kilo tano kwa bidii yake, ndugu zake humuuliza, "Unaumwa nini?" Naye anaona haya na kurudi kula.

Sababu ya pili ni kwamba tumekifanya kitambi kuwa cheo. Kijana akioa na tumbo likatoka, tunamsifu mkewe kwamba anajua kupika. Mfanyabiashara asipokuwa na tumbo tunatilia shaka mtaji wake. Na vazi letu linatusaidia kujificha. Kanzu na buibui havina mkanda wa kukuambia kwamba umesogeza tundu mbili tangu Idd iliyopita.

Sababu ya tatu ni sufuria na kiti. Baba zetu walikwenda ziwani, walilima, walitembea kutoka Makoko hadi sokoni kwa miguu. Chakula chao kilikuwa ugali wa mtama au muhogo, samaki, mlenda na maziwa. Sisi tunapanda bodaboda kutoka Iringo hadi Nyasho, tunakaa dukani kutwa, na asubuhi tunaanza na chai ya sukari vijiko vitatu na maandazi, jioni chipsi mayai na soda. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari ya takriban vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba ni vyema mtu mzima asizidishe takriban vijiko sita kwa siku nzima. Yaani soda moja imeshavuka mpaka huo kabla hujagusa chai.

Kipimo cha uzi

Sasa nije kwenye jambo ambalo nataka kila nyumba ilifanye leo kabla ya kulala. Halihitaji hospitali wala senti moja.

Chukua uzi au kamba nyembamba. Simama wima bila viatu, mtu wa nyumbani apime urefu wako kwa uzi huo kuanzia unyayoni hadi utosini, kisha aukate. Ukunje uzi katikati, uwe nusu. Sasa uzungushe uzi huo uliokunjwa kiunoni mwako, juu ya ngozi na si juu ya kanzu wala khanga, katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga. Toa pumzi kama kawaida, usilivute tumbo ndani. Ncha zikikutana, mshukuru Allah na uendelee kujihifadhi. Zisipokutana, elewa kwamba kiuno chako kimezidi nusu ya urefu wako, na kuna uwezekano mkubwa kwamba ndani kuna mafuta yanayousumbua moyo.

Mwenye futi kamba ya fundi cherehani anaweza kupima kwa sentimita. Mwanamume akifika 94 aanze kujihadhari, akipita 102 hatari ni kubwa. Mwanamke akifika 80 aanze kujihadhari, akipita 88 hatari ni kubwa. Mama mjamzito hahusiki na kipimo hiki. Mume ampime mke na mke ampime mume, ndani ya stara yao. Nasisitiza wenye umri wa miaka 25 hadi 45, kwa sababu hao ndio wanaojiona bado. Utando kwenye mishipa hauanzi kujengeka siku mtu anapostaafu.

Niweke tahadhari mbili hapa. Kwanza, wapo wembamba wenye mafuta kwenye ini, kwa hiyo mwembamba naye apime presha na sukari, hasa kama baba au mama yake alikufa ghafla au ana kisukari. Pili, tusiwadhihaki wenye miili mikubwa. Kudhihakiana kumekatazwa katika sura ile ile ya Al-Hujurat niliyoitaja. Wengine wana miili hiyo kwa maumbile, na mafuta yao yako chini ya ngozi. Uzi unapima hatari, haupimi utu wa mtu.

Dini yetu ilitutangulia

Hakuna kitu hapa ambacho dini haikutuonyesha. Katika Surat Al-A'raf aya ya 31, Allah (S.W.) ameturuhusu kula na kunywa na hapo hapo akatukataza israfu. Katika hadithi aliyoisimulia Miqdam bin Ma'dikarib na kuipokea Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) alilihesabu tumbo kuwa chombo kibaya kuliko vyote mtu anavyoweza kuvijaza, na akamwelekeza asiyetosheka na matonge machache agawe tumbo mafungu matatu: chakula, kinywaji na pumzi. Sisi tunatumia mafungu mawili kwa wali, la tatu kwa soda, halafu tunashangaa tunapohema kwenye rakaa za Tarawehe. Na Abdullah bin Amr (R.A.) alipozidisha ibada, Mtume (S.A.W.) alimkumbusha kwamba mwili wake nao una haki juu yake.

Ama kwenda kwa tabibu, huko si kupungukiwa imani. Abu Daud amepokea kwamba Sa'd bin Abi Waqqas (R.A.) alipougua moyo, Mtume (S.A.W.) alimtembelea na kumuelekeza kwa tabibu Al-Harith bin Kalada. Isnadi ya hadithi hii baadhi ya wanazuoni wameizungumzia, lakini amri ya kutafuta matibabu imethibiti katika hadithi nyingine. Kwa hiyo anayesema "nimemuachia Mungu" huku amepitisha presha yake miaka mitano bila kupima, hajatawakali. Amelala.

Nini kifanyike?

Naanza na mafuta ya kupikia. Chukua dumu la lita 5 na uandike tarehe ulipolifungua. Nyumba ya watu sita ikilimaliza ndani ya siku 15, kila mtu amekula takriban mililita 55 kwa siku, yaani karibu vijiko vinne vya mezani. Hizo ni zaidi ya kalori 400 kutoka kwenye mafuta peke yake, bila kuhesabu ugali. Lengo liwe dumu hilo hilo lifike siku 30. Chemsha maharage na mboga, weka mafuta mwishoni kwa kijiko na si kwa kumimina. Dagaa waliokaushwa wachemshwe na nyanya na kitunguu badala ya kuwazamisha kwenye mafuta yanayotokota.

Pili, punguza sukari. Vijiko vitatu viwe kimoja, na soda iwe kitu cha nadra, si kinywaji cha kila mlo. Wanaosema chakula bora ni ghali wafanye hesabu: mchicha, mlenda, dagaa, maharage na uji wa ulezi ni vyakula vyetu, na maji yaliyochemshwa ni rahisi kuliko soda. Kinachotugharimu ni sifa.

Tatu, tuitazame futari yetu. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa uwe mwezi wa kuupumzisha mwili, lakini wapo wanaoutoka wakiwa na kilo zaidi ya walizoingia nazo. Meza ina uji wenye sukari, sambusa, kalimati, maandazi, mihogo ya nazi na pilau, vyote kwa saa moja. Tufungue kwa tende na maji, tuswali Magharibi, halafu tule mlo mmoja wa kawaida. Na baada ya Ramadhani, saumu za Jumatatu na Alhamisi na zile za tarehe 13, 14 na 15 za mwezi ni sunna, na ni msaada mkubwa kwa anayeziendea kwa kiasi. Mwenye kisukari au anayetumia dawa za presha azungumze kwanza na mtaalamu.

Nne, tuutumie mwili. Dakika 30 za kutembea kwa haraka, siku tano kwa wiki, zinatosha kuanza. Mafuta ya ndani ya tumbo yana sifa moja nzuri: ndiyo yanayowahi kuondoka. Mtu anaweza kutembea mwezi mzima, mizani isibadilike sana, na huku ini lake linapungua mafuta. Mwenye kilo 90 akipunguza kilo nne na nusu tu, ini huanza kupumua. Mwanamume aende msikitini kwa miguu Alfajiri. Akina mama watoke wawili watatu jioni, kwa stara zao, watembee kandokando ya ziwa. Baada ya ukomo wa hedhi mafuta ya mwanamke huhamia tumboni, kwa hiyo bibi zetu wanahitaji matembezi hayo pengine kuliko sisi.

Tano, tujihadhari na wauzaji wa dawa za kuondoa kitambi kwa wiki moja. Nyingi ni za kuharisha tu. Zinatoa maji mwilini na kuyaacha mafuta pale pale. Na anayevuta sigara aache, kwani sigara na kitambi ni majambazi wawili walioingia nyumba moja.

Mwisho, nina ombi kwa kamati za misikiti, madrasa na vikundi vya akina mama. Kwenye walima na Maulidi, maji yatangulie na soda zipunguzwe. Na angalau mara mbili kwa mwaka, baada ya Ijumaa moja, iwekwe meza ya kupima presha, sukari na kiuno, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Waislamu wenye taaluma ya afya tupo, na wengi tutajitolea. Mapacha wa presha na kisukari wakigunduliwa mapema hutibika kwa vidonge vya bei nafuu. Wakichelewa, tunazungumzia Bugando au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, na mshipa wa moyo ulioziba unahitaji kufunguliwa kwa saa chache, sio kwa safari ya basi ya siku nzima.

Kwa sababu hiyo, kila mtu nyumbani azijue dalili: kifua kubana kama kimewekewa jiwe, maumivu kupanda shingoni, tayani au mkono wa kushoto, jasho baridi, kichefuchefu, kukosa pumzi. Wanawake na wenye kisukari wanaweza kupata uchovu mkali na kukosa pumzi bila maumivu makubwa. Usiite gesi, usiite vidonda vya tumbo, usisubiri asubuhi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Yule kijana wa dagaa alikuja zahanati na mkewe. Kiuno chake kilikuwa sentimita 108 na presha yake 160 kwa 100. Nilipomuuliza kuhusu baba yake, alisema alianguka kwenye ngazi za nyumba akiwa na miaka 52, na familia ikaamini ni mkono wa mtu. Nilimueleza mkewe yote niliyoyaandika hapa. Alilia, akamwomba mumewe radhi mbele yangu. Baada ya miezi sita kiuno kilikuwa 101. Bado anameza dawa na bado ana safari ndefu. Lakini sasa anayemfuata mlangoni usiku hamnusi tena mdomo. Anamuuliza kama amerudi kwa miguu.

Ndugu zangu katika imani, mwili huu ni amana na mwenyewe atauulizia. Tukate uzi leo.